Vifaru Tumewaokoa, Ziwa Je?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS kama wengi tunavyoliita, lina lawama nyingi, na baadhi yake tutazitaja humu humu. Lakini mkazi wa Nakuru hana sababu ya kukana jambo moja: vifaru wapo. Kutoka katikati ya jiji hadi walipo ni safari fupi ya bodaboda. Watoto wa shule zetu wamewaona kwa macho yao, wakilisha kando ya barabara ya mbuga bila haraka, si katika picha za kalenda. Mwaka 1987 hakuna aliyekuwa na hakika kwamba hali ingekuwa hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Miaka ya themanini ilipoelekea ukingoni, walikuwa hawafiki 400. Pembe zao zilikwenda Yemeni kuchongwa mipini ya majambia, na nyingine zilikwenda Mashariki ya Mbali kusagwa dawa. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata, lakini marufuku ya kwenye karatasi haimzuii mtu mwenye bunduki. Idara iliyosimamia wanyamapori tangu 1976 ilikuwa imechoka. Magari yake yalikuwa mabovu, silaha za askari wake zilikuwa duni kuliko za majangili, na baadhi ya maafisa wake walishukiwa kula sahani moja na hao hao majangili.

Nakuru ndipo lilipojaribiwa wazo ambalo wakati huo lilifanana na la mtu aliyekata tamaa. Kama huwezi kuwalinda vifaru nchi nzima, wakusanye mahali pamoja, zungusha uzio wa umeme, weka askari usiku na mchana. Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyoanza mapema miaka ya 1960 kama hifadhi ndogo ya ndege na kutangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1968, ikawa mwaka 1987 mbuga ya kwanza ya kitaifa nchini kutengwa kuwa makimbilio ya vifaru. Uzio wake una urefu wa kilomita 74 hivi. Vifaru wakaletwa kutoka Solio, ranchi ya mtu binafsi iliyo kati ya Mlima Kenya na Aberdare, ambako walikuwa wakilindwa tangu 1970. KWS yenyewe ilikuja baadaye: sheria ya kuiunda ilipitishwa mwaka 1989, nalo likaanza kazi mwaka 1990 chini ya Richard Leakey, miezi michache baada ya Rais Moi kuwasha moto tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi.

Wengi wanaukumbuka moto huo. Wachache wanaukumbuka uzio. Sisi tunasema uzio ndio uliofanya kazi kubwa zaidi.

Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021, ya kwanza ya kitaifa, iliwahesabu vifaru weusi 897. Tangu hapo wamepita 1,000. Kwa nini ichukue zaidi ya miaka thelathini kutoka 400 hadi 1,000? Kifaru jike hubeba mimba miezi 15 au 16. Akishazaa, ndama humfuata kwa miaka miwili hadi minne. Kwa hiyo jike mmoja, hata mambo yakimwendea vizuri kabisa, huongeza kifaru mmoja tu kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu. Mbunge anachaguliwa, anahudumu, anashindwa uchaguzi, na kifaru yule yule bado ananyonyesha ndama wake wa pili. Kazi hii haina matunda ya kuonyeshwa katika kampeni. Inahitaji askari anayezunguka uzio leo, kesho na mwaka wa kumi baadaye, na anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Tukilisifu shirika kwa jambo lolote, basi ni hilo: uvumilivu wa watu ambao majina yao hayamo katika vitabu, waliolala porini wakati majangili walikuwa na bunduki bora kuliko zao.

Sasa tuseme lililotuleta. Uzio ule ulijengwa dhidi ya adui aliyetoka nje akiwa na bunduki. Adui wa leo anaingia kupitia mtaro, mto na mvua, na huyo umeme haumshtui.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mbuga nzima ina kilomita za mraba 188, na karibu theluthi yake ni ziwa. Mnyama aliyemo hana pa kwenda. Kwa kifaru hilo ni kinga. Kwa wanyama wengine ni hesabu ngumu. Twiga wa Rothschild waliletwa mwaka 1977 kutoka pande za Soy, karibu na Eldoret, ambako mashamba yalikuwa yakiwamaliza. Walistawi. Kisha kati ya 1995 na 2002 idadi yao ikashuka kwa zaidi ya nusu. Watafiti walipochunguza walikuta mambo mawili yanaingiliana: twiga walikuwa wamekwangua migunga hadi magome, na simba walikuwa wamejifunza kuwawinda ndama wao. Katika nyika iliyo wazi twiga wangehama. Hapa walikuwa wakizunguka duara lile lile, na simba nao katika duara hilo hilo.

Halafu ziwa likaanza kupanda. Hapa tutasimama kidogo, kwa sababu tunaona nchi bado haijaelewa kilichotokea.

Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote. Wazee wa mji wanakumbuka vumbi jeupe la magadi lililopeperushwa hadi kwenye kamba za nguo. Miaka kumi na tano baadaye mambo yakageuka. Tangu 2010 maji yamekuwa yakiongezeka, na ziwa lililokuwa na kilomita za mraba karibu 40 sasa limepita 60. Lango kuu la zamani lilizama pamoja na ofisi na barabara zilizokuwa karibu nalo. Ukienda leo utaiona migunga ya manjano imesimama ndani ya maji, mikavu, ya kijivu, haina jani hata moja, minandi wamejenga viota juu yake. Kila mgunga ule ulikuwa kivuli cha nyati na chakula cha twiga. Kila kilomita ya mraba iliyoliwa na maji ni malisho yaliyopotea, na uzio uko pale pale ulipokuwa.

Maziwa mengine ya Bonde la Ufa yamepanda vivyo hivyo: Naivasha, Elementaita, Bogoria, Baringo. Wataalamu wanataja mvua kubwa kuliko ya kawaida kuwa sababu ya kwanza, na udongo unaosombwa kutoka nyanda za juu zilizokatwa miti kuwa unalizidisha tatizo. Hatuwezi kuiamuru mvua. Miti tungeweza kuiacha. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 35,000 katika msitu wa Mau Mashariki, na huko ndiko unakotoka mto Njoro unaomwaga maji ziwani. Aliyetia sahihi tangazo lile hakuwa amefika mbugani kuulizia heroe.

Na heroe je? Hao ndio walioifanya Nakuru ijulikane duniani. Kuna miaka walikuwa zaidi ya milioni moja, ukingo wote wa ziwa ni waridi. Heroe mdogo anakula mwani wa buluu-kijani unaostawi katika maji makali ya magadi. Maji matamu yalipoongezeka, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, ndege wakahama. Wengi utawakuta Bogoria, na wengine hurukaruka kati ya maziwa haya hadi Natron nchini Tanzania, ambako ndiko wanakotagia. Hakuna uzio wala askari anayeweza kumshika heroe. Ziwa lilitambuliwa mwaka 1990 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Kenya katika orodha ya Ramsar, na mwaka 2011 likaingia pamoja na Bogoria na Elementaita katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Heshima zote hizo lilizipata kwa ajili ya ndege. Sasa tunawaonyesha wageni vifaru.

Hatusemi wageni wamedanganywa. Tunasema mbuga imebadilika chini ya miguu ya wasimamizi wake, na mpango uliobuniwa 1987 hauwezi kuitosha.

Njia mojawapo ya kupunguza msongamano ni kuwahamisha wanyama. KWS imefanya hivyo mara nyingi, na vifaru wa Nakuru wamesaidia kuanzisha makundi sehemu nyingine. Lakini Julai 2018 nchi ilipata somo chungu. Vifaru weusi 11 walichukuliwa kutoka mbuga za Nairobi na Ziwa Nakuru kupelekwa makimbilio mapya Tsavo Mashariki. Wote walikufa. Maji ya kisima waliyopewa yalikuwa na chumvi nyingi, na kadiri walivyozidi kusikia kiu ndivyo walivyozidi kunywa sumu. Wa mwisho, akiwa amedhoofika, alishambuliwa na simba. Maafisa walisimamishwa kazi, tume ikaundwa, ripoti ikaandikwa. Kilichotukera zaidi ni wepesi wa kosa lenyewe. Kupima maji ya kisima si teknolojia ya mwezini. Ilikuwa kazi ya siku moja ya fundi wa maabara, na kwa kutofanywa ikapoteza kazi ya miaka thelathini ya askari wa uzio.

Kwa hiyo kuhamisha kuendelee, ila kwa uangalifu wa mtu aliyeungua. Na pia itafutwe njia ya kuifungua mbuga upande mmoja. Kusini-mashariki kuna Soysambu, hifadhi ya binafsi inayolizunguka Ziwa Elementaita, yenye nafasi takriban sawa na mbuga nzima. Wazo la kuyaunganisha maeneo haya mawili kwa ushoroba limezungumzwa kwa miaka. Linagusa mashamba, barabara na masilahi ya watu, na kila mwaka unaopita bila uamuzi unaongeza ploti na nyumba katikati. Serikali iseme wazi kama inalitaka au hailitaki. Wakazi wa eneo hilo nao wana haki ya kujua, ili mtu asijenge mahali ambapo kesho ataambiwa ni njia ya nyati.

Tukitoka nje ya uzio, tunafika mjini kwetu wenyewe.

Mbuga ilipotangazwa mwaka 1968 Nakuru ulikuwa mji mdogo. Sensa ya 1969 ilihesabu watu karibu 47,000. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya 570,000, na Desemba 2021 tukapewa hati ya kuwa jiji. Tulicheza ngoma siku hiyo, na ilistahili. Lakini ziwa halina mto unaotoka. Kila kinachoingia humo kinabaki humo: sabuni ya kufulia, dawa za mashamba ya Njoro, oili ya gereji, choo kilichofurika mtaani Rhonda. Jiji lina mitambo miwili ya kusafisha majitaka, iliyopanuliwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1990, wakati watu walikuwa sehemu ndogo ya walioko sasa. Nyumba nyingi za mitaa inayopakana na uzio hazijaunganishwa na bomba lolote la majitaka. Shimo likijaa, lori la kunyonya huitwa kama pesa zipo. Kama hazipo, husubiriwa mvua.

Hapa tuonyeshe jambo dogo ambalo kila mmoja anaweza kwenda kulitazama. Tangu 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki ya kutumika mara moja katika mbuga za kitaifa. Mgeni akifika langoni na chupa ya maji ya nusu lita, askari anamwambia aiache. Ni sheria nzuri, tunaiunga mkono. Sasa nenda msimu wa masika mahali ambapo mitaro ya maji ya mvua inashuka kutoka mjini kuelekea ziwani. Baada ya mvua ya saa moja, maji ya rangi ya chai yanapita chini ya uzio yakibeba chupa kwa mamia, sandali za mpira, nepi, vifuko vya zamani vya pombe, na pakiti za krispi. Hayalipi kiingilio wala hayasimamishwi. Wafanyakazi wa mbuga na vijana wa kujitolea huenda kuokota, wanajaza magunia, na mvua inayofuata inaleta mengine. Kumnyang'anya mtalii chupa moja langoni huku mtaro umeachwa wazi ni sawa na kufunga mlango wa nyumba iliyoezuliwa paa.

Mtaro ule si wa KWS. Ni wa kaunti. Taka zile ni zetu, sisi tunaosoma gazeti hili asubuhi na kutupa kikombe cha chai kabla ya kupanda matatu. Na hapo ndipo penye hoja yetu yote: kazi iliyobaki ya kulinda mbuga hii imo mikononi mwa taasisi ambazo hazina kifaru katika nembo zao. Kampuni ya maji, idara ya mipango miji, wizara ya misitu, mkulima wa Njoro. KWS inaweza kuwa na askari hodari kuliko wote Afrika, na ziwa bado likafa.

Kuna upande mwingine ambao shirika haliwezi kuusukuma kwa jirani, nao ni namna linavyoishi na watu. Maji yalipopanda yaliingia hadi mtaa wa Mwariki. Familia zilihama nyumba walizozijenga kwa mkopo, na wengine wakajikuta uzio wa mbuga uko ndani ya maji mbele ya mlango wao. Pamoja na maji matamu wakaja samaki wakubwa, tilapia wa kuuzika, na pamoja na samaki wakaja vijana wenye nyavu. Kuvua ndani ya mbuga ni kosa, na maafisa wa afya wameonya kuhusu sumu zinazoweza kuwamo katika samaki hao. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kijana asiye na kazi anayeona samaki hatua hamsini kutoka kwao hatazuiwa na bango.

Januari 2025 mvuvi kijana wa Nakuru alitoweka. Familia yake ilisema alikuwa amekamatwa na askari wa mbuga. Wakazi waliandamana, na maafisa sita wa KWS walifikishwa mahakamani Nakuru, wakayakana mashtaka. Hatutaitangulia mahakama. Ila tunasema hivi bila kupindapinda: mtu anayeshikwa na askari wa serikali, awe na samaki au na pembe ya kifaru, lazima aonekane kituoni, jina lake liandikwe kitabuni, na familia yake ijue aliko. Shirika lililopata sifa kwa kuwalinda viumbe wasiojitetea haliwezi kuruhusu shaka ya namna hiyo ikae hata wiki moja bila majibu. Imani ya majirani ni uzio pia, na huo hautengenezwi na fundi wa umeme.

Suala la fidia ni hilo hilo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema aliyeuawa na mnyama familia yake hulipwa shilingi milioni tano, na aliyepata ulemavu wa kudumu milioni tatu. Maandishi mazuri. Muulize mjane wa Naivasha ambaye mumewe aliuawa na kiboko ni mara ngapi ameitwa kuleta fomu nyingine. Viboko wa Naivasha, kwa jinsi ziwa lilivyopanda, sasa huzunguka usiku kati ya nyumba za watu mtaani Kihoto. Madai yamelimbikizwa kwa miaka na kufika mabilioni ya shilingi. Kamati za kaunti za wanyamapori na fidia zipo kisheria. Zikutane, ziamue, na Hazina ya Taifa itoe pesa. Kuahidi milioni tano na kutolipa ni vibaya kuliko kuahidi laki tano na kulipa.

Tukienda kaskazini kidogo tunakuta funzo la zamani zaidi. Mwaka 1973 Waendorois walianza kuondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria ili eneo liwe hifadhi ya wanyama. Walikuwa wakilisha huko, wakiabudu huko, wakizika huko. Walikwenda mahakamani nyumbani wakashindwa, wakaipeleka kesi hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi wa kuwapa haki ukaidhinishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010. Mwaka uliofuata ziwa lile lile likaandikwa katika Urithi wa Dunia, na Waendorois wakalalamika kwamba hata hapo hawakushirikishwa ipasavyo. Hifadhi ya Bogoria inasimamiwa na serikali ya kaunti ya Baringo wala si KWS, lakini fikra iliyowafukuza watu wale ni ile ile iliyotawala uhifadhi wa nchi hii tangu Mbuga ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946: mnyama ndani, mwananchi nje, na akileta ubishi aonyeshwe bunduki. Fikra hiyo imeigharimu nchi nusu karne ya chuki.

Na bado kuna mfano wa upande wa pili, tena si mbali. Katika Ziwa Baringo maji yalipopanda, twiga tisa walibaki wamezingirwa kwenye kipande cha ardhi kilichogeuka kisiwa, na kisiwa kikawa kinazidi kupungua. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 waliokolewa mmoja mmoja au wawili watatu, wakiwa wamefungwa macho kwa kitambaa ili wasitaharuki, wamesimama juu ya jahazi la chuma lililoelea juu ya mapipa, likivutwa taratibu hadi hifadhi ya Ruko nchi kavu. KWS ilikuwepo, mashirika ya hisani yalikuwepo. Lakini hifadhi ile ni ya jamii mbili zilizokuwa zikiibiana mifugo na kuuana, Wapokot na Wailchamus, ambao waliamua kuiunda pamoja. Wenyeji ndio waliowapelekea twiga majani kisiwani kwa miezi mingi kabla ya jahazi kukamilika. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona twiga ni wao.

Sehemu kubwa ya wanyamapori wa Kenya wanaishi nje ya mbuga za kitaifa, kwenye mashamba, ranchi na hifadhi za jamii. Hilo KWS yenyewe imelijua tangu miaka ya tisini, wakati David Western alipokuwa mkurugenzi na kusisitiza kwamba majirani wagawiwe faida. Wakurugenzi wakabadilika, mkazo nao ukabadilika. Hii ndiyo kasoro kubwa ya shirika letu la kitaifa: askari wake wana subira ya miaka thelathini, lakini wakubwa wanaoliongoza kutoka Nairobi hubadilisha sera kila anapoteuliwa waziri mpya.

Tunataka nini basi? Tunataka mpango mpya wa Mbuga ya Ziwa Nakuru uandikwe kwa kuzingatia ziwa lilivyo leo, si lilivyokuwa katika picha za utalii za zamani, na uamuzi kuhusu Soysambu uwemo. Uandikwe na KWS pamoja na kaunti, na Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha itoe takwimu za maji, malisho na wanyama kila mwaka mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma. Tunataka sehemu ya pesa za malangoni ibaki hapa hapa na itumike kwenye mitaro na vyoo vya mitaa ya jirani, kwa sababu huko ndiko ziwa linakouawa. Msitu wa Mau ulindwe kama tunavyoilinda pembe ya kifaru. Kule Eburu, kilima kilichojitenga cha Mau karibu na Naivasha, uzio ulikamilika mwaka 2014 kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Rhino Ark, na bongo, swala adimu wa msituni, wamepata nafasi. Inawezekana.

Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoanzishwa na wanafunzi mwaka 1968, vimewaleta watoto wengi mno Ziwa Nakuru. Wengine wao leo ni madiwani, wahandisi wa maji na maafisa wa mipango katika kaunti hii hii. Hao hawahitaji kufundishwa upya kifaru ni nani. Wanahitaji kuulizwa bomba liko wapi.

Na kuna mahali pa kuwauliza. Kila mwaka kaunti huitisha vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, wadi kwa wadi. Mara nyingi viti hubaki vitupu, au hukaliwa na walioletwa. Safari hii nenda wewe. Uliza ni shilingi ngapi zimetengwa kwa majitaka ya Kaptembwo, Rhonda na Mwariki, na ni nani atakayezuia taka za mitaro kabla hazijapita chini ya uzio. Usiondoke kabla ya kujibiwa.